Kiti cha Mzee Kikoti

Mashine ilipomtafutia Mzee Kikoti kiti, ilizunguka kichwani mwake kwa muda mfupi tu, kisha ikatulia. Vijana ndio wasumbufu. Kijana mwenye mambo mengi hupekuliwa asubuhi nzima, mashine ikionja kumbukumbu hii na kuiacha, ikionja ile na kuiacha, mpaka ipate moja nzito na tulivu ya kumkalisha mgonjwa wakati kisu kinafanya kazi yake. Mzee Kikoti hakuwa na makuu. Mstari kwenye kioo ulipanda, ukalainika, ukabaki palepale.

Dk. Fidea Gama aliutazama mstari huo akafurahi, kwa maana mzuri namna ile hakuwa ameuona siku nyingi. Akamfungua mzee utepe wa kwenye paji la uso.

“Umeona nini, Mzee?”

“Nimemwona mama yako,” akasema Mzee Kikoti.

Furaha yote ikamwisha. Akavuta kiti cha wageni, akakaa kando ya kitanda, akajifanya anasoma kioo ambacho alikuwa ameshakisoma.

Kitulizo, kama mashine hiyo ilivyoitwa, kilipoingia hospitalini hapo Iringa, dawa za kulaza wagonjwa ziliwekwa kabatini zikasahauliwa. Wazee wenye moyo mchovu, waliokuwa wakifia mezani kabla hata hawajaguswa, sasa walikalishwa ndani ya siku moja nzuri ya maisha yao, wakabaki humo mpaka mshono wa mwisho, na maumivu yakabisha hodi nje bila kufunguliwa mlango. Fidea alikuwa miongoni mwa watafiti waliokilea chombo hicho tangu kikiwa waya na matumaini. Na ni yeye aliyegundua, kwa kuwafuata wagonjwa majumbani na kunywa nao chai, jambo ambalo wenzake hawakupenda kulisikia: kiti kikikaliwa muda mrefu huchakaa. Mgonjwa anapona, anakula, anagombana na wakwe zake kama zamani, ila ile siku nzuri imefutika, na mtu aliyeibeba siku hiyo amefutika nayo kila mahali. Bibi mmoja wa Mafinga alionyeshwa picha za harusi yake akauliza hao ni akina nani na kwa nini wamemvalisha yule binti gauni linalombana.

Watu walikubali kwa urahisi. Nani asingetoa siku moja apewe miaka? Wala hapakuwa na njia ya kuihifadhi siku yenyewe mahali pengine, kwa sababu mashine ilijua uzito wa kumbukumbu na utulivu wake, basi. Kilichokuwamo ndani alikijua mwenyewe.

Sasa mama yake Fidea, nesi Adelhilda Komba, alifariki siku ileile aliyomzaa. Waliomfahamu walikwisha mmoja mmoja, mpaka akabaki Mzee Kikoti peke yake, aliyefanya naye kazi ya nusu kaputi katika chumba cha zamani cha upasuaji, kile cha paa la bati, enzi za umeme wa kukatikakatika. Tangu Fidea akiwa mwanafunzi wake, mzee alikuwa akimpa mama yake vipandevipande, kama mtu anayemega mkate ili usiishe. Siku moja alimpa sweta la kijani lililotoboka kiwiko, ambalo mama alilivaa chini ya gauni la upasuaji kwa sababu ya baridi ya Iringa. Mwezi mwingine alimpa mabuti meupe ya mpira yaliyompwaya. Siku nyingine alimpa cheko lake, lililotokea puani. Fidea alijaribu kucheka kwa pua mbele ya kioo cha bafuni akaambulia chafya.

Zaidi ya yote alimpa matusi. Adelhilda alikuwa Mngoni na Kikoti ni Mhehe, kwa hiyo walikuwa watani tangu kabla hawajazaliwa, na hawakupitisha asubuhi bila kupigana upya vita vya mababu. Mambo hayo yamekwisha. Siku hizi utani wa makabila ni somo la darasani lenye maswali ya kuchagua jibu sahihi, na ukimwita mfanyakazi mwenzako mateka utaitwa ofisini kwenda kujieleza. Fidea mwenyewe hakuwahi kumtania mzee hata siku moja. Alimwamkia, akamsikiliza, akaenda nyumbani na kipande chake.

“Kiti cha pili kipo?” akauliza Mzee Kikoti.

“Kipo. Kile ulichonisimulia mwanzo: uko mtoto, Kalenga, unachunga mbuzi.”

“Kizuri?”

“Chepesi.” Hakumficha, mzee alikuwa mtu wa kazi. “Kinaweza kukatika katikati. Utumbo umejisokota, Dk. Raya atahitaji muda. Na kwa moyo wako huo, nikilazimika kukuongezea dawa za zamani...”

“Nakwenda.”

“Unaweza kwenda.”

Mzee akatazama dari. Maumivu yalimjia, akayangoja yapite, kisha akasema, “Nipeleke kwa mbuzi.”

“Mzee, hapana.”

“Nisikilize, mwanangu. Mimi mama yako nimemfaidi. Nimecheka naye, nimegombana naye, nimemtania mpaka kaburini, ndugu zake wakanipa jogoo wangu wa mtani nikanyamaza, kama desturi. Wewe hujapata kwake hata jioni moja. Nikimpoteza mimi, utamuuliza nani?”

Hapo ndipo aibu ilipomshika Fidea, kwa sababu moyo wake ulikuwa umeshajibu ndiyo kabla hajafungua mdomo. Sheria ilikuwa upande wake. Mgonjwa ndiye mwenye kichwa, mgonjwa ndiye anayechagua kiti. Mzee akisema mbuzi, ni mbuzi. Akifia mezani, wataandika moyo, na moyo kweli ulikuwa mbovu. Hakuna mtu duniani ambaye angemnyooshea kidole. Angebaki na mzee mwenye kumbukumbu zote za Adelhilda, au asingebaki na mzee kabisa, na vyote viwili angeweza kuviita heshima kwa mgonjwa.

“Ungekuwa wewe,” akasema, “mgonjwa akakwambia hivyo, ungefanyaje?”

“Mimi nilishastaafu. Mtu wa nusu kaputi ni wewe.” Mzee Kikoti akanyoosha mkono, akaweka dole gumba kwenye kioo, akaruhusu viti vyote viwili, kama sheria inavyomruhusu mgonjwa amwaminiye daktari wake. “Chagua. Ila usiniambie.”

*

Chumba cha upasuaji cha siku hizi ni kimya. Sauti ikimfikia mgonjwa sikioni inaingia ndani ya kiti alichokalia na haitoki tena, kwa hiyo waliomo huongea kwa vinong’ono ndani ya barakoa, vinavyosafiri hadi kwenye spika ndogo za masikioni mwao, na mbele ya mgonjwa hakisikiki kitu. Fidea aliwahi kukitamani chumba cha zamani ambacho hakukiona: redio kwenye dirisha, jenereta likikohoa nyuma ya jengo, mtu akipiga kelele “umeme huo!” na wote wakiguna.

Alimfunga mzee utepe. Mbuzi walikuwa upande wa kushoto wa kioo. Akabonyeza kulia.

Hakulia. Alikuwa amelia chooni mapema, akanawa uso, akaja.

Dk. Raya Seif, mpasuaji, mzaliwa wa Unguja, alisubiri mstari utulie, akatikisa kichwa kukubali, akaanza. Kwa muda kazi ilikwenda vizuri. Kisha midomo ya Mzee Kikoti ikacheza, naye akasema kwa sauti kavu, iliyo wazi kabisa:

“Bonyeza, Mngoni. Unasinzia?”

Akanyamaza. Kisha: “Nani, sisi? Babu zako walikimbia wakaacha hata ngao. Ipo nyumbani, tunaanikia mahindi.” Akanyamaza tena, safari hii kwa kitambo. Akacheka.

Mikono ya Raya ikasita. “Fidea,” sauti yake ikasema sikioni, “huyu mzee anagombana. Anatukana watu huyu. Mtoe hapo, mpe kiti chengine.”

Ndivyo mwongozo ulivyosema. Mgonjwa akitoa matusi, kiti si salama, ahamishwe. Mwongozo huo ulioandikwa na watu wenye adabu kubwa haukuwa na ukurasa wa utani.

“Hagombani,” akanong’ona Fidea. “Tazama mstari wake.”

Raya akautazama. Ulikuwa umelala. “Na hayo maneno?”

“Anataniana.”

“Na nani?”

“Na mama yangu.”

Juu ya barakoa, macho ya Raya yalimkazia kidogo. Kisha yakarudi kwenye tumbo.

Fidea alikuwa ameshaijua siku yenyewe. Ilikuwa siku umeme ulipokatika na jenereta likagoma, mashine ya kupumulia ikazima mgonjwa akiwa wazi mezani, mama mmoja wa Ilula. Kikoti na Adelhilda wakashika mfuko wa hewa, wakawa wanaubonyeza kwa mkono, kwa zamu, pumzi moja baada ya nyingine, mpaka daktari akamaliza. Wakataniana muda wote ili asilale mtu. Yule mama alipona. Mzee alikuwa amemsimulia mara nyingi, ila kusimuliwa ni kitu kimoja. Sasa alikuwa amesimama mlangoni pa siku hiyo.

Kwa maana katikati ya maneno ya mzee palikuwa na nafasi, na ndani ya nafasi hizo mama yake alikuwa akijibu. Fidea hakusikia neno. Lakini nafasi zilikuwa na urefu wao. Nyingine zilikuwa fupi, za kukata kauli, na nyingine zilikuwa ndefu, za mtu anayepika jambo, na hizo ziliishia kwa mzee kucheka mpaka kifua kikatikisika. Mama yake alikuwa mtu wa maneno mengi, basi. Hilo hakuwahi kulijua. Akazisikiliza nafasi hizo kwa uchu, akasahau kidogo kwamba kila moja ilikuwa inamla mama yake.

“Kuna kipande chengine kimekufa huku,” akasema Raya. “Nakikata. Nipe muda.”

“Chukua,” akajibu Fidea, maana hapakuwa na jibu jingine.

Muda ukachukuliwa. Nafasi zikaanza kurefuka. Mzee alisema jambo, akangoja, akalisema tena. Kicheko kikakoma.

“Bonyeza, Mngoni.”

Kimya.

“Adelhilda?”

Mstari ukatetemeka. Mapigo ya moyo yakapanda ghafla, na chini yake presha ikaanza kushuka.

“Adelhilda, mbona kimya? Nani anabonyeza mfuko? Mgonjwa anabadilika rangi! Adelhilda!”

Fidea akaelewa. Chumba kilikuwa bado kipo kichwani mwa mzee, meza ipo, mgonjwa wa Ilula yupo, giza lipo. Aliyechakaa kabla ya vyote ni mama yake. Mzee alikuwa amebaki peke yake gizani na mfuko usiobonyezwa.

“Mhamishe!” akasema Raya.

“Aliyeshtuka hahami, ataamka.”

“Mpe dawa!”

“Moyo utasimama.”

Presha ikashuka tena. Njia iliyobaki ilikuwa moja, nayo ilikuwa imekatazwa kwa maandishi ambayo Fidea aliyatia sahihi mwenyewe. Aliinama mpaka midomo yake ikakaribia sikio la mzee.

“Kelele za nini, Mhehe?” akasema, kwa sauti ya kusikika. “Mfuko nabonyeza mimi, wewe kazi yako kusinzia.”

Nyuzi zikasimama mikononi mwa Raya.

Mabega ya Mzee Kikoti yakashuka. “Nilidhani umekimbia,” akasema. “Kama babu zako.”

“Babu zangu hawakukimbia. Waliona mnanuka pombe ya ulanzi wakasogea pembeni kupata hewa.”

Mzee akacheka. Mstari ukaanza kulala.

Fidea hakunyanyuka tena. Alimpa mzee kila alichowahi kupewa naye, tusi kwa tusi, ngao, ulanzi, vita na mateka, akimrudishia mkate wake alivyokuwa ameumegewa. Mzee akajibu, naye akajibu tena, na mkono wake wa kulia ukawa unafumba na kufumbua hewani, hajui ulianza lini. Vipande vya mama vilipokwisha, akaanza kutunga vyake. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo akagundua kwamba anavyo vingi, na vikali. Mzee alivicheka vilevile.

Raya aliposhona mshono wa mwisho na utepe wa mzee ukafunguliwa, aliivua barakoa taratibu. “Nkuulize,” akasema. “Katika taarifa utaandika nini?”

“Nitaandika nilichofanya.”

“Watakusimamisha.”

“Najua.”

Raya akamtazama mgonjwa, aliyekuwa anapumua mwenyewe, uso mkunjufu. “Basi na mimi nitaandika nilichokiona,” akasema. “Mtu yuhai.”

*

Jua la asubuhi lilikuwa limeingia wodini mpaka miguuni pa kitanda Fidea alipokuja bila koti jeupe, kwa kuwa koti alikuwa amelikabidhi. Mzee Kikoti alikuwa ameketi, anagombana na bakuli la uji.

“Shikamoo, Mzee.”

Mzee akaanza kucheka, akashika kidonda, akaendelea kucheka. “Shikamoo ya nini, Mngoni? Leo umeamka na adabu? Sisi tulioanza kazi wiki ileile, wewe wa kuniamkia mimi?”

Fidea alitafuta ukingo wa kitanda akaushika. Alikuwa amejiandaa kukuta shimo. Hakujiandaa kujikuta yeye mwenyewe amekaa ndani yake.

“Mzee,” akasema, “mimi ni Fidea.”

“Na mimi ni Kikoti. Haya, tumejuana.”

“Uliyefanya naye kazi ni mama yangu. Adelhilda. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Kiti chako kilikatika katikati, nikaingiza sauti yangu, ndiyo maana sasa unaniona mimi. Nimekukosea, Mzee. Nimekaa mahali pake.”

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande mmoja, kwa starehe ya mtu anayesikiliza uongo uliosukwa vizuri. Kisha akalijaribu lile jina. “Adelhilda.” Akalingoja limletee mtu. Halikuleta. “Jina zuri. Simjui.”

Fidea akageukia dirishani.

“Hata kuongopa hamjui, Wangoni,” mzee akaendelea kwa furaha. “Eti mama yako! Kesho utasema na vita mlishinda.”

Angeweza kumleta mtaalamu, amwekee mzee karatasi za ajira mbele ya macho, amthibitishie. Kamati ya hospitali ingefanya hivyo wiki ijayo, na mzee angekubali kwa adabu, kama yule bibi wa Mafinga alivyozikubali picha zake, na asimwamini mtu. Chochote ambacho wangemwambia kingekuwa utani. Fidea akavuta kiti cha wageni, akakaa.

“Unakumbuka siku ile ya mama wa Ilula?” mzee akauliza.

“Nikumbushe.”

“Umesahau? Mfuko ule tuliobonyeza!”

“Nimesahau mengi, Mhehe. Nilivaa nini?”

“Si lile sweta lako la kijani, limetoboka kiwiko. Na mabuti ya kuazima. Tena ulikataa kukaa. Nikakwambia kaa, Mngoni, utaangusha watu wawili, ukanijibu kwamba Wangoni huzaa wakiwa wamesimama, vitani, ngao mkononi.”

Fidea akanyanyua uso. “Watu wawili?”

“Ulikuwa na mimba!” akasema Mzee Kikoti. “Kubwa hii, tumbo linagusa meza. Mtoto akipiga teke, mkono wako unaruka, mfuko unakosa pumzi, na mimi naushika. Nikasema huyo mtoto wako anataka kuingia zamu. Ukacheka kwa pua mpaka daktari akakaripia.”

Kipande hicho hakuwahi kupewa. Miaka yote mzee alikuwa akikiruka, na Fidea alijua kwa nini: mbele ya tumbo lile palikuwa na kitanda cha kuzalia, na mzee hakutaka kumfikisha hapo. Sasa mzee yule aliyekuwa akikificha hakuwepo tena. Siku ile Fidea naye alikuwepo, tumboni. Alikuwa amesikia nafasi zote zikiwa zimejaa.

Mzee akachota uji, akaukunjia uso, akaumeza. “Kwani yule mtoto,” akauliza, “alikuja kuwa nani?”

“Mtu wa nusu kaputi.”

“Acha wee! Anajua kubonyeza mfuko?”

“Anajua,” akasema Fidea. “Alifundishwa na Mhehe mmoja.”

“Maskini,” akasema Mzee Kikoti, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, na Fidea akacheka huku machozi yanamtoka, cheko lote likapitia puani.